Shamba Hilo Liko Wapi?

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu kijijini karibu na Makambako ilikuwa na picha moja tu ukutani. Baba alirudi nayo kutoka kwenye kambi ya ujenzi wa reli ya TAZARA, ambako alikuwa kibarua wa kubeba mataruma. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Kambini, vijana wetu na mafundi wa Kichina walifanya kazi bega kwa bega. Fundi mmoja, ambaye Kiswahili chake hakikuzidi maneno ishirini, alimpa baba ukurasa uliochanwa kutoka kwenye gazeti la picha. Mama aliubandika kwa uji mzito juu ya mlango wa chumbani, mahali ambapo moshi wa jikoni ungechelewa kuufikia.

Picha ile ilionesha watu wakivuta wavu katika bwawa. Ndani ya wavu samaki walikuwa wamejaa hata maji yakawa hayaonekani vizuri. Walikuwa wakubwa, wanene, wenye rangi kama ya makaa yaliyokolea, nao walirukaruka kana kwamba wanafurahi kuvuliwa. Sisi tulioishi mbali na ziwa na bahari tuliitazama picha ile kama watu wanaotazama peponi. Wadogo zangu walikuwa wakichagua kila mmoja samaki wake. Mimi nilichagua aliye juu kabisa, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kwa kidole.

Ninaanza na picha hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuandika insha. Ilinifundisha kwanza vibaya, kisha vizuri.

Mwaka 1984 nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni. Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda nyumbani wakati wa kuvuna mahindi. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumepata magunia kumi na moja. Mwaka ule tulipata matatu, na katika hayo matatu kulikuwa na magunzi mengi yenye punje za kuhesabika. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi katika mashamba ya chai ya Mufindi. Mama alivuna pamoja nasi kwa siku mbili tu, kazi ambayo kwa kawaida ilituchukua wiki mbili. Siku ya pili jioni alifagia kihenge kwa ufagio mdogo, akaokota punje za zamani zilizokwama kwenye nyufa, akazitia kwenye bakuli. Hakusema neno.

Niliporudi shuleni, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kichwa cha insha: "Siku ya Mavuno Kijijini Kwetu." Nilifurahi, maana nilijua kichwa hicho kingenipa maneno matamu. Niliandika kwamba jua lilichomoza likitabasamu. Niliandika kwamba wakulima walikwenda shambani wakiimba, mahindi yalikuwa marefu kuliko mtu, magunia yalipangwa hadi yakagusa dari, na watoto walicheza kwa shibe. Nilipokwama, nilifumba macho nikaiona picha ya ukutani. Furaha ya samaki wale niliihamishia kwenye mahindi. Methali niliziweka nane, na tamathali za semi sikuzihesabu.

Nilipata alama za juu kuliko wote darasani. Mwalimu aliisoma mbele ya mikondo yote miwili, akaamua kwamba nitaisoma tena siku ya wazazi, mwezi wa tisa.

Siku hiyo mama alikuja. Alikuwa amepanda lori hadi njia panda, kisha akatembea. Alikaa mstari wa nyuma chini ya mikaratasi, kwenye benchi la darasani, kanga yake ya pili akiwa ameikunja mapajani. Nilisoma kwa sauti kubwa. Watu walipiga makofi, mgeni rasmi akanipa madaftari mawili na kalamu. Nilimtafuta mama kwa macho nikamwona naye anapiga makofi, polepole, kama mtu anayefuata wenzake katika wimbo asioujua.

Baadaye tulikaa nyuma ya jiko la shule. Alifungua fundo la kanga akanipa karanga zilizofungwa katika kipande cha gazeti.

"Umesoma vizuri, baba," aliniambia. "Sauti yako imefika hadi nyuma."

"Ahsante, mama."

Alinyamaza kidogo, akawa anafuta vumbi miguuni. Kisha akauliza, "Hilo shamba ulilolisoma liko wapi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Ninauliza tu, mwanangu. Ningejua liko wapi, ningekwenda kuomba kibarua."

Ndugu mtahiniwa, nimefanya mitihani mingi tangu siku ile, lakini swali gumu kuliko yote niliulizwa nyuma ya jiko la shule na mwanamke ambaye hakuwahi kuketi darasani. Sikuwa na jibu. Karanga zile sikuzila hadi usiku, na nilipozila nilijua kwamba zimetoka katika akiba ya watu wanne.

Juma lile niliandika insha upya, bila kuagizwa na mtu. Niliandika kuhusu ufagio mdogo. Niliandika kwamba mama aliacha kupima unga kwa kopo akaanza kupima kwa kikombe, na kwamba tulipoishiwa tulipanga foleni kununua unga wa njano, ule tuliouita yanga, ambao watoto waliukataa siku ya kwanza na kuugombania siku ya tatu. Zaidi ya yote, niliandika kuhusu mahindi yaliyoning'inia juu ya mafiga. Kila mwaka mama alichagua magunzi mazuri, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika darini ili moshi uyakinge na wadudu. Hiyo ilikuwa mbegu. Mwaka ule aliyatundika ishirini na manne, na kila usiku tulilala na njaa chini ya mahindi ishirini na manne ambayo hakuna aliyethubutu kuyaomba. Mdogo wangu wa mwisho aliwahi kuyanyooshea kidole. Mama alimwambia, "Hayo si chakula. Hayo ni mwakani."

Nilimpelekea mwalimu. Alisoma akiwa amesimama, akarudia tena akiwa amekaa. Akaniambia kwa upole, "Imeandikwa vizuri. Lakini mbona inasikitisha? Siku ya mavuno iwe na furaha. Mtahini anataka kufurahi." Mwalimu yule alinipenda, na mengi ninayoyajua kuhusu sarufi ni yeye aliyenipa. Lakini siku hiyo nilitoka ofisini kwake nikiwa na maneno mawili yanayopingana: lake na la mama.

Mwezi wa kumi na moja, ndani ya chumba cha mtihani, swali la insha liliniruhusu kuandika kuhusu nyumbani. Nilishika kalamu, nikasikia maneno yote mawili. Nikaandika kuhusu mahindi ishirini na manne. Alama za swali hilo pekee sikuzijua kamwe, kwa maana Baraza la Mitihani hutoa daraja la somo zima. Ninachojua ni kwamba niliandika bila kusimama, na kwamba kwa mara ya kwanza sikuhitaji kufumba macho ili nipate la kusema.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilifungua kitabu kuhusu sanaa ya China katika maktaba. Katikati ya kurasa nikakutana na samaki wangu. Yule wa juu kabisa alikuwa pale pale.

Picha inaitwa "Bwawa la Samaki la Komyuni". Ilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Dong Zhengyi, mmoja wa kundi lililojulikana duniani kama wachoraji wakulima wa Huxian. Huxian ilikuwa wilaya ya mashamba katika jimbo la Shaanxi, karibu na mji wa kale wa Xi'an, chini ya milima ya Qinling. Mwaka 1958, China ilipokuwa katika kampeni iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele, wakulima wa huko walioajiriwa kujenga mabwawa walianza kufundishwa kuchora. Walilima mchana, wakashika brashi saa za mapumziko. Walichora walichokijua: kupalilia, kuchimba mitaro, kulisha nguruwe, kuvuna. Mwanamke mmoja, Li Fenglan, alichora wanawake wakipalilia ngano katika majira ya machipuo. Liu Zhide alichora kiongozi mzee wa kijiji aliyeketi kupumzika kazini, kiberiti mkononi, macho yamezama katika kitabu hata amesahau kuwasha tumbaku yake. Mwaka 1973 picha zao zilioneshwa katika jumba la sanaa la taifa mjini Beijing. Zilichapishwa kwa wingi kama mabango, na kabla ya muongo huo kwisha zilikuwa zimefika Ulaya na Marekani. Moja ilifika hadi juu ya mlango wetu.

Nilifurahi sana kusoma habari hizo. Kumbe aliyechora samaki wale alikuwa mtu wa shamba kama sisi! Li Fenglan hakuhitaji kusimuliwa jinsi kiuno kinavyouma baada ya mstari wa tatu wa palizi, wala jinsi wanawake wanavyojipanga ili asiachwe mmoja nyuma. Mchoraji wa mjini angeweza kuchora jembe zuri. Mpaliliaji huchora jembe ambalo mtu amelishika. Nilisema moyoni: hili ndilo nitakalowaambia wanafunzi wangu. Usione aibu na jembe la kwenu. Hilo ndilo ulijualo kuliko mtahini, kuliko mwalimu, kuliko mwanafunzi wa mjini ambaye unamwonea wivu.

Kisha nikasoma ukurasa uliofuata.

Wakulima wale hawakuwa peke yao. Wasanii wenye taaluma kutoka Xi'an walipelekwa kuwafundisha, na katika picha nyingi mashuhuri wasanii hao walisaidia kupanga watu, kurekebisha michoro na kuchagua rangi. Jambo hilo halikutangazwa wakati picha zilipozunguka dunia. Isitoshe, kampeni ile ya mwaka 1958 ilifuatiwa na njaa kubwa kati ya mwaka 1959 na 1961, iliyoua mamilioni ya watu nchini China, wengi wao wakulima. Picha za Huxian zilizosifiwa zinaonesha maghala yaliyojaa, nguruwe wanene, nyuso zinazocheka. Hakuna mwanamke anayefagia kihenge. Hakuna mtoto anayenyoosha kidole kwenye mbegu.

Niliketi pale maktabani nikamsikia mama tena: hilo shamba liko wapi?

Nilijiuliza kama wakulima wale walikuwa waongo. Baada ya kufikiri sana nilikataa kuwaita hivyo. Katika nchi yao wakati ule, sanaa ilitakiwa kuonesha ushindi, na aliyechora kinyume angeweza kuadhibiwa. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo walichora migongo na mikono wanayoijua, na ukitazama vizuri, ukweli wao umo katika namna mtu anavyosimama na kushika kitu, hata kama haumo katika ukubwa wa samaki. Vilevile sikuona kosa kwamba walifundishwa. Nani amezaliwa anajua kuchanganya rangi? Mafunzo ni haki ya kila mtu, wa shamba na wa mjini.

Aliyenitia aibu siku ile si Dong Zhengyi. Ni mimi. Yeye alikuwa na serikali nzima nyuma ya bega lake. Mimi mwaka 1984 hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na kalamu yangu, daftari langu na uhuru wa kuandika nilichokiona mwezi wa sita. Nikachagua samaki wa watu wengine kwa sababu niliona aibu na magunia yetu matatu. Nilimfuta mama yangu katika mavuno yake mwenyewe, kisha nikamwita aje anipigie makofi.

Katika somo la fasihi umefundishwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Wengi huiandika sentensi hiyo katika mtihani bila kuipima. Kioo hakichagui. Ukisimama mbele yake na kidonda usoni, kitakuonesha kidonda. Picha ndiyo inayochagua, na kila anayechora au kuandika huchagua. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama umechagua, bali umechagua kwa sababu gani: ili msomaji aone vizuri zaidi, au ili asione?

Ninasahihisha insha kila mwaka. Wanafunzi wanaotoka vijijini huniandikia kuhusu viwanja vya ndege ambavyo hawajawahi kukanyaga, na wale wa mjini huniandikia kuhusu vijiji vyenye mito inayobubujika maziwa na asali. Wote wawili wana picha ya mtu mwingine juu ya mlango. Sarufi yao huwa nzuri, methali zimepangwa, aya zimegawanywa sawasawa. Lakini ninasoma insha arobaini na jioni siikumbuki hata moja. Halafu inatokea moja ya kijana anayeeleza jinsi babu yake anavyonusa udongo kabla ya kupanda, au binti anayeeleza mbuzi aliyeuzwa ili yeye apate sare ya shule na jinsi alivyopita njia nyingine ili asikutane na mnunuzi. Makosa ya tahajia yamo, nami ninayapunguzia alama kama ipasavyo. Lakini insha hiyo ninakwenda nayo nyumbani.

Usinielewe vibaya. Sikuambii uandike huzuni. Kama mlivuna magunia kumi na moja, andika kumi na moja, na umsifu aliyelima. Furaha ya kweli haina ubaya wowote. Wala sikuambii udharau mwalimu anayekusahihisha: chukua kwake mpangilio, tahajia, aya, mwanzo na mwisho, kama wakulima wa Huxian walivyochukua brashi na rangi. Ukishavichukua, macho yabaki kuwa yako.

Mama yangu aliishi hadi akaona wajukuu. Nilimwambia siku moja kwamba mtihani wa mwisho niliandika kuhusu mahindi yake ishirini na manne. Alishangaa. "Ukawaambia na watu wa Dar es Salaam kwamba tulilala njaa?" Nikamwambia ndiyo. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Ukawaambia pia kwamba hatukuila mbegu?"

"Niliwaambia, mama."

"Basi vizuri," akasema, akaendelea kupukuchua.

Picha ya samaki ilikwisha liwa na moshi na mchwa zamani. Lakini swali la mama ninalo. Katika kila kundi la madaftari kuna insha moja au mbili ambazo pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, siandiki "vizuri" wala "rudia". Ninaandika maneno manne tu, na mwanafunzi anakuja mezani kwangu kuuliza yana maana gani: Shamba hilo liko wapi?

Zoezi

1. Andika aya moja kuhusu kazi ya mikono unayoifahamu vizuri nyumbani kwenu. Usitumie methali hata moja. Mweleze msomaji kitu kimoja ambacho asiyeifanya kazi hiyo hawezi kukijua.

2. Chukua insha uliyoiandika muhula huu. Pigia mstari kila jambo ulilolisoma au kulisikia tu, kisha uweke alama ya vema kwenye kila jambo uliloliona kwa macho yako. Yapi ni mengi zaidi?

3. "Fasihi ni kioo cha jamii." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano kutoka katika insha uliyoisoma na kitabu kimoja ulichosoma darasani. Onesha pia ni wapi kauli hiyo inaweza kupingwa.